Shahidi wa Maji ya Mwisho

Walimwita Suuza, naye aliitika bila kinyongo. Aliingia maabara akiwa na miaka ishirini na miwili, shahada hana, ana cheti cha kidato cha nne kilichoponea chupuchupu na mikono miwili isiyovunja kitu. Kazi aliyopewa ilikuwa kuosha chupa. Msimamizi wa siku hizo alimwonyesha sinki, akamwonyesha rafu, akamwambia kila chupa isuuzwe mara tatu. Yeye akasuuza mara saba. Alipoulizwa kulikoni, alijibu kwamba tatu ni za msimamizi na nne ni zake mwenyewe.

Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa bado palepale, ila sinki alishawaachia wengine. Kwenye orodha ya ofisi aliandikwa mhudumu wa maabara, daraja la chini kabisa, lakini ukitaka kujua kazi ya mtu usisome orodha, mtazame mchana kutwa. Yeye ndiye aliyepika jeli ya kuoteshea vimelea, akaimimina kwenye visahani vya plastiki vya mviringo, ikaganda laini kama kioo, bila povu hata tone. Ndiye aliyejua mtungi wa mvuke, ule wa kuulia vijidudu kwenye vyombo, unapolia vibaya kabla kipimo chake hakijasema neno. Vijana wenye shahada zao walikuwa wakimvizia mlangoni: “Mzee, hebu niangalizie hiki kisahani, ni bakteria au ni ukungu?” Naye angekiinua dhidi ya dirisha, akafumba jicho moja, akasema. Sijasikia mtu yeyote akidai kwamba alikosea.

Kujifunza alijifunza kwa macho. Hakuwahi kuona aibu kumwuliza mtu aliye mdogo kwake, wala kumjibu mkubwa wake pale mkubwa alipokosea. Kuna waliosema kwamba mkewe, mwalimu wa sekondari mwenye shahada yake, ameolewa chini. Hao hawakuwahi kumwona akirudi nyumbani jioni, shati halina doa, akiketi mezani kusoma kitabu cha kiada cha binti yake mkubwa, sura ya vimelea, na penseli mkononi, akisahihisha pembeni.

Mkewe naye alikuwa na mkono wake katika kazi ile. Zamani, maabara ilipokuwa ikichunguza bakteria wa mizizi ya mahindi, Suuza aliandika utaratibu wote wa kazi kwa hatua kumi na nne: kata, osha, ua vimelea vya nje, suuza, saga, panda, na nyingine za katikati. Aliuleta nyumbani ukiwa na makosa ya tahajia kama mchele wenye mawe. Mwalimu aliuchambua jioni mbili, akaunakili kwa mwandiko wake mzuri, ukawekewa plastiki na kubandikwa ukutani juu ya meza ya kazi. Kila mgeni aliyeingia aliusifu. Ulikaa pale miaka sita.

Ndipo akaja Daktari. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea, mdogo kwa Suuza kwa miaka kumi, na alikuja kuongoza maabara akiwa na swali moja kichwani. Kule ufukweni, maji ya bahari yanapopanda na kushuka, kuna uwanda mweupe wa chumvi. Ukipanda haragwe pale, linakufa kabla hujageuka nyuma. Lakini kuna mmea unaotambaa palepale, vikonyo vyekundu, majani manene yaliyojaa maji, ukitafuna jani ni kama umelamba mwamba wa bahari. Wao wawili waliuita Mnono. Mnono hafi. Ananawiri. Kwa nini?

“Nadhani hayuko peke yake,” Daktari alimwambia Suuza siku ya kwanza walipokwenda kuchimba, suruali zimekunjwa magotini. “Nadhani ana wapangaji.”

“Wapangaji wa wapi, Daktari?”

“Ndani. Ndani ya mizizi, ndani ya majani. Bakteria wanaoishi humo bila kumwumiza. Wao wanapata makazi, yeye anapata msaada wa kuvumilia chumvi. Tukiwapata, tunaweza kujaribu kuwahamishia kwenye haragwe.”

“Na tutajuaje kama ni mpangaji au ni mpita njia tu aliyeegemea ukuta?”

Daktari alisimama kwenye tope akacheka. “Ndiyo maana nimekuja na wewe.”

Hapo palikuwa na kiini cha kazi nzima. Ngozi ya mzizi imejaa bakteria wa tope, maelfu kwa maelfu, na hao hawana faida: mvua ikinyesha wamekwenda zao. Anayetakiwa ni yule aliye ndani, anayesafiri na mmea popote uendako. Kwa hiyo mzizi unatumbukizwa kwenye spiriti, kisha kwenye klorini, ili wote wa nje wafe, kisha unasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa, mara tano. Baada ya hapo ndipo unasagwa na kupandwa kwenye jeli. Watakaoota ni wa ndani.

Lakini utaamini vipi kwamba wa nje wamekufa wote? Unachukua maji ya mwisho, yale ya kusuuzia mara ya tano, na kuyapanda kwenye kisahani chake peke yake. Kisahani hicho Suuza alikiita shahidi. Shahidi akiwa mtupu baada ya siku tano, mzizi ulikuwa safi na kazi ni halali. Shahidi akiota chochote, kazi yote ya wiki inamwagwa. Suuza hakuwahi kuruka shahidi. Vijana wavivu walipojaribu, aliwarudisha mezani bila kupaza sauti.

Kwa miaka miwili walifanya kazi ile, na kila shahidi alitoka mtupu, mweupe kama ukurasa mpya. Wakapata aina kumi na moja za bakteria: wengine weupe, wengine wa manjano, mmoja wa rangi ya ganda la chungwa. Daktari aliandika ripoti. Kwenye ukurasa wa kwanza aliweka majina matatu: lake, la mwanafunzi wake aliyekuwa akimalizia shahada ya juu, na la tatu, la Suuza. Pale maabara hilo halikuwahi kutokea. Wahudumu walikuwa wakishukuriwa ukurasa wa mwisho, kwa pamoja, kama viti vilivyokodiwa. Na si hilo tu. Ombi la kumpandisha Suuza kuwa fundi mkuu lilikuwa limefika mezani kwa wakubwa, na wakubwa walisema watalitazama siku ripoti itakaposomwa mbele ya wageni, Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Nyumbani, mkewe alikuwa ameshawaambia walimu wenzake wote, ni kweli, na jirani wa kulia na wa kushoto.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, mtunza stoo alikuja maabara mikono mitupu. Mtu huyu walimwita Redio kwa sababu hakuwa na pa kuzimia.

“Suuza, ndugu yangu, ile jeli ya kawaida imekwisha. Kopo limebaki na vumbi.”

“Niliandika iagizwe tangu mwezi uliopita.”

“Uliandika, mimi nikapeleka, wao wakapokea. Hapo katikati sijui ni nani aliyeila.”

“Jeli hailiwi, Redio.”

“Wewe huwajui wale. Wanaramba hata gundi ya bahasha.”

Suuza alikuwa na mizizi michache imebaki, ya kuthibitisha tu. Visahani vyenye jeli ya chumvi vilikuwepo, maana wapangaji wa Mnono walipandwa kwenye jeli iliyotiwa chumvi kama ya kwao. Shahidi ndiye aliyekuwa akipandwa kwenye jeli ya kawaida, kama karatasi ya ukutani ilivyosema. Siku ile, kwa kukosa, akampanda shahidi kwenye jeli ya chumvi, akakiweka kisahani kwenye kabati la joto la kuoteshea, akafunga, akaenda zake.

Siku ya nne alifungua kabati akakuta shahidi ameota. Vidoadoa kama thelathini, vingine vyeupe, vingine vya rangi ya ganda la chungwa.

Jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba mikono yake imechafua. Hilo lilimkata kuliko kisu. Hakumwambia mtu. Aliifuta meza kwa spiriti kuanzia pembe hadi pembe, akachemsha maji upya, akarudia kazi yote kwa mzizi mwingine. Shahidi akaota. Akarudia mara ya tatu, na jeli ya kawaida ilikuwa imeshafika, kwa hiyo safari hii akayagawa maji ya mwisho: nusu kwenye jeli ya kawaida, nusu kwenye jeli ya chumvi. Maji yaleyale, mkono uleule, dakika ileile.

Siku ya tano kisahani cha kawaida kilikuwa kitupu. Cha chumvi kilikuwa kimechanua kama kitenge.

Akavuta stuli akakaa. Alikaa mpaka mtungi wa mvuke ukamaliza mzunguko wake na kuanza kulia, naye hakuinuka. Kumbe bakteria wa uwanda ule hawaoti pasipo chumvi. Ni sawa na kumwaga samaki juu ya meza, kurudi siku ya tano, kuona hakuna anayeogelea, halafu kutangaza kwamba ndoo haikuwa na samaki. Kwa mizizi ya mahindi ya bara, utaratibu ule ulikuwa sahihi. Kwa Mnono, shahidi alikuwa amefungwa mdomo tangu siku ya kwanza. Miaka miwili alikuwa akisema “sijaona kitu”, na wao wakimshukuru.

Na karatasi iliyoamuru hivyo ilikuwa ukutani mbele ya macho yake, maneno yake mwenyewe, mwandiko wa mkewe. Alipoanza kazi ya Mnono alibadilisha jeli ya wapangaji akasahau kubadilisha ya shahidi. Basi. Hatua moja kati ya kumi na nne.

Ilikuwa Ijumaa, na Daktari alikuwa ameshaondoka. Suuza alirudi nyumbani na hiyo habari. Kesho yake, Jumamosi mchana, mkewe alikuwa sebuleni akipiga pasi shati jipya, la siku ya ripoti, ingawa zilikuwa zimebaki siku tano. Mabinti walikuwa wametumwa dukani. Akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza pasi ikiwa imesimama wima, kisha akauliza swali moja.

“Nani mwingine anajua?”

“Wewe.”

“Basi hakuna anayejua.”

“Mama watoto…”

“Nisikilize kwanza. Sisemi udanganye. Mimi na uongo wapi na wapi? Nasema Alhamisi ipite. Ijumaa asubuhi unakwenda kwa Daktari, unamweleza, mnarekebisha. Kuchelewa siku moja si kudanganya.”

“Alhamisi Daktari atasimama mbele ya watu, aseme wako kumi na mmoja na wote ni wa ndani. Nami nitakuwa nimeketi kiti cha mbele na hilo shati, najua hajui anachosema.”

“Huenda ni kweli! Huenda wote ni wa ndani. Wewe mwenyewe hujathibitisha kwamba si wa ndani.”

“Ndiyo. Sijui. Na ripoti inasema najua.”

Mwalimu akaishika pasi tena, akaipitisha kwenye kola iliyokwisha kunyooka. “Kuna watu wanasubiri ukosee, baba watoto. Miaka kumi na tisa wanasubiri.”

“Basi wasisubiri zaidi.”

“Unafanya mzaha.”

“Nifanyeje? Nikilia utasema shati litapata doa.”

Mkewe hakucheka. Alikaa kwenye mkono wa kiti, akakunja uso. “Na ile karatasi niliinakili mimi. Nilisahihisha kila nukta.”

“Nukta zote ziko sawa, mwalimu. Kilichokosekana ni chumvi.”

Hapo alitaka kucheka, akakasirika kwamba alitaka kucheka, akaenda jikoni. Siku hiyo na ya pili yake walizungumza habari za bomba linalovuja na ada ya shule tu. Yasemwe yalivyokuwa: mkewe alitaka anyamaze, na alikuwa na sababu zake, na sababu zake zote zilihusu jina lake yeye mumewe. Jumatatu asubuhi alimfungia chakula cha mchana, akamsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

Daktari alikuwa ofisini, simu begani, akipanga viti.

“Daktari, nina neno.”

“Kama ni spika za ukumbini, zinakuja leo.”

Suuza aliweka visahani viwili juu ya karatasi zake. Daktari akakata simu. Akainua kimoja, akakigeuza chini juu, akainua cha pili.

“Haya ni maji ya nini?”

“Maji ya mwisho. Vyote viwili. Mzizi mmoja, chombo kimoja. Kile hakina chumvi, hiki kina chumvi.”

Ndiyo faida ya shule: Suuza ilimchukua wiki mbili kuelewa, Daktari ilimchukua muda wa kuvua miwani.

“Tangu lini?” aliuliza.

“Tangu siku ya kwanza.”

“Kila shahidi?”

“Kila shahidi. Karatasi ni yangu, kosa ni langu.”

“Wote kumi na mmoja…”

“Huenda wote wako ndani. Huenda wote walikuwa nje. Ndilo neno nililokuja nalo, Daktari. Hatujui.”

Daktari alinyanyuka akafunga mlango, akarudi, hakuketi. Alitazama nje, alitazama ripoti zilizofungwa kwa kamba kwenye kona, nakala arobaini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyepigwa akitafuta wa kumlaumu: “Kwa nini lakini hukunyamaza mpaka Ijumaa?”

“Hata mwalimu aliniambia hivyohivyo.”

Daktari alimkazia macho, halafu akaanza kucheka, kicheko kibaya kilichokaribia kilio, na Suuza akasimama pale mikono nyuma akingoja kiishe. Kilipoisha, Daktari alivuta simu akampigia mkubwa wake, akamwambia Alhamisi haipo. Aliambiwa maneno ambayo Suuza aliyasikia mpaka upande wa pili wa meza. Hakumtaja mtu. Alisema: “Utaratibu wetu una kasoro, na saini ya utaratibu ni yangu.” Suuza alifungua mdomo, Daktari akamwonyesha kiganja.

Alhamisi ikapita kama siku yoyote. Ombi la cheo lilirudi likiwa na mstari mmoja: lisubiri. Mjini yakasemwa mengi. Walisema alifukuzwa, nao wakisema hivyo yeye alikuwa mezani kwake saa moja na nusu kila asubuhi. Walisema mikono yake michafu ndiyo iliyoharibu kazi ya Daktari, mikono ile! Kuna mwalimu mmoja aliyemwuliza mkewe mbele ya wenzake, kwa upole wa paka, kama shati jipya lilipata pa kwenda. Mkewe alijibu kwamba lilikwenda kazini, maana mwenyewe ana kazi. Redio ndiye aliyekuwa akizunguka idara kwa idara akitangaza: “Kosa liligunduliwa kwa sababu stoo ilikosa jeli. Mimi ndiye niliyeokoa sayansi, na sijapewa hata chai.”

Kazi ikaanza upya. Kwanza Suuza alipanda juu ya kiti akaibandua karatasi ukutani. Aliileta nyumbani, akaiweka mezani bila maelezo. Mkewe aliitazama, akaenda kuchukua karatasi mpya na rula.

Ilichukua wiki kumi na nne. Ugumu ulikuwa kwamba wa nje walikuwa wagumu kufa. Klorini ikiwa ndogo, wanabaki. Ikiwa nyingi, inapenya ndani ya mzizi na kuwaua wapangaji nao, ukabaki na nyumba tupu isiyokuambia kitu. Suuza alijaribu dakika mbili, tatu, nne, tano, sita, kwa spiriti nyepesi na nzito, kila jaribio na shahidi wake kwenye jeli ya chumvi. Kisha akamwongeza shahidi wa pili, wazo lake mwenyewe: mzizi uliokwisha kusuuzwa aliugandamiza juu ya jeli ya chumvi, kama muhuri kwenye barua, akauinua. Kama kuna wa nje aliyeng'ang'ania ngozi, angeacha alama. Shahidi mmoja akinyamaza unaweza kumtilia shaka. Wawili wakinyamaza, tena kwenye chakula wanachokipenda, hapo unaweza kulala.

Mkewe alimwona wiki zile na akaanza, taratibu, kuelewa ameolewa na nani. Mumewe hakuwa mtu anayeomba radhi kwa maneno. Alikuwa akirudia hatua ileile kwa mara ya thelathini kwa uangalifu uleule wa mara ya kwanza, bila haraka, bila kununa, kama vile hakuna jina lililofutwa. Binti mdogo alimwuliza siku moja, “Baba, huchoki kuosha mizizi?” Akajibu, “Mzizi hauchoki kuota. Mimi nitachokaje?”

Mwishowe ikajulikana: dakika nne. Shahidi wa kwanza kimya, wa pili kimya, na ndani ya mzizi uliosagwa wakaota. Hawakuwa kumi na mmoja. Walikuwa wanne. Saba walikuwa wapita njia, pamoja na yule wa rangi ya ganda la chungwa, ambaye Daktari alikuwa amempenda kuliko wote.

“Wanne,” Daktari alisema.

“Wanne wa halali,” Suuza akasema.

Hao wanne walipakwa kwenye mbegu za maharagwe, aina moja kwa kila kundi, zikapandwa kwenye vyungu na kumwagiliwa maji ya chumvi. Maharagwe yasiyopakwa yalinyauka wiki ya tatu. Aina tatu kati ya nne hazikusaidia kitu. Aina ya nne, bakteria mweupe asiyependeza hata kidogo, ilisimamisha miche kumi na tisa kati ya thelathini, majani yakiwa mabichi. Suuza aling'oa miche mitatu, akaisuuza, akaita mashahidi wake wawili, akapanda. Mweupe yule alikuwa ndani ya mizizi ya haragwe. Alikuwa amehamia.

Cheo cha fundi mkuu alikuja kukipata baada ya miaka minne, kwa barua ya mistari mitatu. Lakini ripoti mpya ilisomwa mwaka uleule maharagwe yalipojaribiwa, mbele ya watu kama mia, wageni kutoka nchi tatu, na mkewe aliomba ruhusa shuleni akaja. Alikaa safu ya nyuma pamoja na Redio, mkoba magotini. Jina la mumewe lilikuwa ukutani, kwenye mwanga wa projekta, la tatu.

Daktari alipomaliza, mgeni mmoja wa safu ya mbele aliinuka. Alikuwa mzee mwenye mvi, profesa, ambaye wengine walimsogezea kiti kila alipopita.

“Unasema bakteria hawa wanatoka ndani ya mmea,” alisema. “Unajuaje?”

Daktari alimtazama Suuza. “Aliyeshika kibano yupo. Ajibu mwenyewe.”

Suuza aliinuka. Hakwenda mbele, alisimama palepale kitini. “Shikamoo, Profesa. Tunajua kwa sababu mara ya kwanza tulikosea.”

Safu ya nyuma mkewe alifumba macho.

Akaeleza. Alieleza jeli ya kawaida na jeli ya chumvi, alieleza miaka miwili ya mashahidi watupu, akasema utaratibu aliuandika yeye na hatua aliyosahau ni ya kumi na mbili. Hakuongeza, hakupunguza. Feni zilizunguka juu ya vichwa vya watu.

“Na mligunduaje?” profesa akauliza.

“Sema ulishuku,” mkewe alinong'ona. “Sema ulifikiri!”

“Jeli ya kawaida ilikwisha,” Suuza alisema.

Ukumbi ukaangua kicheko, na Redio akapiga goti lake: “Stoo! Mwambie ni stoo!” Angeweza kusema ni akili yake. Nani angejua? Daktari asingemkanusha. Lakini jeli ilikuwa imekwisha, naye akasema imekwisha, kisha akangoja watu wamalize kucheka, mikono nyuma, kama alivyomngojea Daktari.

Profesa hakucheka. Alikuwa bado amesimama. Alishika mgongo wa kiti chake, na alipozungumza sauti ilikuwa imeshuka.

“Sisi nasi tunachunguza mimea ya chumvi,” alisema. “Maji yetu ya mwisho tunayapanda kwenye jeli ya kawaida. Tuna miaka sita.”

Hapo hata feni zilionekana kupunguza mwendo. Mtu mwingine angetabasamu. Suuza aliinamisha kichwa kidogo, kama anayetoa pole.

“Msitupe kitu bado, Profesa. Huenda nyinyi mlibahatika, wa nje walikufa kweli. Anzeni na visahani viwili tu. Maji yaleyale, siku ileile, kimoja hakina chumvi na kingine kinayo. Mngoje siku tano. Msiangalie siku ya pili mkasema tayari.”

“Chumvi kiasi gani?” Profesa alikuwa ameketi, amefungua daftari juu ya goti.

“Hicho siwezi kukuambia, inategemea mmea wako umeota wapi. Chukua tope la palepale mzizi ulipong'olewa, lipime, uweke hiyohiyo.”

Profesa akaandika. Mtu wa pembeni yake akaomba kalamu. Safu ya tatu, kijana wa shahada ya juu akafungua daftari lake, na nyuma yake mama mmoja mwenye miwani. Mkewe alifumbua macho. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusimama mbele ya watu na kutambua nani anaandika kweli na nani anajifanya anaandika. Alinyoosha shingo juu ya mabega ya watu, akazihesabu kalamu mojamoja, na zilikuwa tisa, na zote zilikuwa zinaandika.